Shuka Zilizokausha Bonde

Mama alisema neno lake asubuhi, akipepeta mtama wa mwisho uliobaki chini ya debe. Bonde likikauka, atapanda. Lisipokauka, atatoka nje ya mji kutafuta muhogo kama wenzake.

Siku hizo za vita, kutoka nje ya mji kulikuwa na maana moja tu. Juba ilikuwa imezungukwa na mabomu ya ardhini. Mengine yalitegwa na jeshi la serikali lililokuwa ndani, mengine na waasi waliokuwa nje, na hapakuwa na mtu mwenye ramani ya yote. Mwaka uliotangulia, jirani yetu wa mtaani kwetu Kator alitoka kutafuta muhogo akarudishwa amebebwa kitandani, mguu mmoja haupo. Mama ndiye aliyemfunga kidonda kwa lawa, ile nguo aliyokuwa amejifunga begani. Kwa hiyo alipotamka neno hilo alijua vizuri anachokisema, na mimi nilijua kwamba hatanii.

"Nipe mwezi mmoja," nilimwambia. "Bonde nitalikausha."

"Wewe nakausha na nini? Na kikombe?"

"Na tahuna ya baba."

Mama aliacha kupepeta. Akacheka mpaka pumba zikampalia. Nyumbani tulichanganya Kibari, Kiarabu cha Juba na Kiswahili tulichorudi nacho kutoka Uganda, na kwa lugha zote tatu mama alijua kunicheka. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Niliingia ndani, nikaburuta sanduku la vifaa vya marehemu baba kutoka chini ya kitanda, nikaanza kunoa randa hapohapo mbele yake.

Niseme kwanza tahuna yenyewe ilikuwa nini. Watu wa Kator waliiita tahuna ta hawa, yaani kinu cha upepo, ingawa hakikusaga hata punje moja. Kazi yake ilikuwa kutoa maji. Ukishuka kutoka nyumba za mwisho kuelekea mtoni unafika mahali ambapo ardhi imebonyea. Zamani misheni moja iliinua tuta la udongo pale ili mto usiingie mashambani. Tuta lilizuia mto kweli, lakini lilizuia na maji ya mvua yasitoke, na bonde likageuka beseni. Ndipo akaja bruda mmoja, mtawa wa misheni, kutoka nchi ya Ulaya ambako, alivyosema mwenyewe, watu wanalima chini ya bahari. Tulimwona mwongo, ila mwongo mwenye kuchekesha. Alimwajiri baba yangu, fundi seremala aliyekuwa amerudi karibuni kutoka ukimbizini, na wawili hao wakajenga kitu ambacho Juba haikuwa imekiona.

Wazia nguzo ndefu ya msaji iliyolala mshazari, kichwa juu, mkia majini. Kichwani kuna mabawa manne yaliyovishwa turubai. Mkiani kuna pipa refu jembamba la mbao, na ndani yake vibao vimezungushwa kwenye mhimili kama parafujo ile ya ndani ya mashine ya kusagia nyama. Upepo ukisukuma mabawa, nguzo inazunguka, na pipa nalo linazunguka. Maji yanapanda kibao hadi kibao mpaka yanamwagika kwenye mfereji uliokata juu ya tuta, na kutoka hapo yanarudi mtoni. Hakuna gia, hakuna injini, hakuna dizeli. Baba alikipenda kinu kile kuliko alivyotupenda sisi watoto, nami nasema hivyo bila kinyongo, au tuseme kwa kinyongo kidogo.

Kwa miaka kadhaa akina mama walilima bondeni mboga za majani za kudhura na rijila, bamia na mahindi. Kisha vita vikarudi. Bruda aliitwa kwao, baba akafa kwa homa, na kuni zikawa shida kwa sababu zilikuwa nje, kulekule kwenye mabomu. Askari wa kituo cha mtoni walichoma mabawa ya kinu chini ya masufuria yao. Hawakuiona nguzo wala pipa, maana vilikuwa vimezama kwenye tope na kuota nyasi. Bonde likawa la vyura.

Mtu pekee aliyekumbuka kinu kilivyofungwa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyewahi kumbebea baba mbao. Aliishi mtaa wa Munuki na alikuwa mvivu wa kusifika. Alikuja, akageuza ndoo, akaikalia, na kwa mwezi mzima alinisimamia kutoka kwenye ndoo hiyo.

"Hii maneno iko ngumu, ya binia, binti yangu," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe iko mwanamke. Baba yako ilikuwa na mikono kama hii." Akanionyesha mikono ya baba ilivyokuwa mikubwa.

"Mikono yake imekufa, mjomba. Imebaki hii."

Akaniambia nianze na pipa.

Tulilitoa pipa kwa kamba, wanawake kumi na wanane wa bondeni, magoti ndani ya tope, huku mama akiwa nyuma yetu amesimama na jembe bila kusema kwamba amekubali. Pipa lilipoinua mdomo, kenge mkubwa alitoka ndani mbio. Kamba zikaachwa, watu wakatawanyika wakipiga kelele, nami nikakaa kwenye maji mpaka kifuani. Mama hakukimbia. Alimpiga kenge jembe moja la kichwa, akamshika mkia, akasema, "Vuteni, bas, mimi iko hapa." Siku ile tulikula nyama, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu Pasaka, na kuanzia hapo wanawake walikiona kinu kina baraka.

Msaji hauozi upesi. Nguzo ilikuwa nzima, na pete za chuma zilizolifunga pipa zilikuwa na kutu ya juujuu tu. Vibao vya ndani ndivyo vilivyokuwa vimelika. Mbao Juba hazikuwapo kabisa, isipokuwa za aina moja, nazo zilikuwa nyingi: masanduku ya risasi. Nilikwenda kituo cha mtoni na kikapu cha majani ya maboga, nikarudi na masanduku matupu. Niliyavunja, nikayapiga randa mpaka harufu ya mafuta ya bunduki ikaisha, nikakata kibao kimoja kimoja kwa kipimo cha vile vizima vilivyobaki. Wanaume waliokwenda mtoni kuoga walisimama kunitazama. Mmoja aliuliza kama nimeoa au nimeolewa. Nilimwambia asogee karibu nimpime urefu, nimebakiwa na mbao za kutosha sanduku lake. Hakurudi tena.

Mjomba alinifaa kwa jambo moja ambalo sikulijua: niache nafasi ya unene wa ukucha kati ya kibao na kibao, kwa sababu mbao ikinywa maji inavimba, na ukibananisha inapasua pipa. Pia alinifaa kwa ua wake. Nilihitaji mianzi mirefu ya mabawa, nayo mianzi mizuri kuliko yote ilikuwa imezunguka nyumba yake huko Munuki. Nilikwenda kuikata akiwa amekaa kwenye ndoo bondeni. Aliporudi akakuta mbuzi wa jirani wanatazamana na kitanda chake. Alininunia siku mbili, kisha akarudi kwenye ndoo.

Ikabaki nguo ya mabawa. Turubai za misheni zilikuwa zimeisha zamani, na turubai za misaada zilikuwa mapaa ya watu waliokimbia vijiji. Gunia tulijaribu, upepo ukapita katikati kana kwamba hatukuweka kitu. Nilikuwa nimeketi nimeshika tama wakati mama alipokwenda nyumbani, akafungua sanduku lake la bati, na kurudi na milaya.

Mtu wa Juba hahitaji kuelezwa milaya, lakini wengine waelewe. Ni shuka ya kitanda ambayo mwanamke anaitarizi kwa mkono, maua, ndege, tausi, nyuzi za kila rangi, na kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka. Mwanamke wetu hupimwa kwa milaya zake. Hutandikwa siku ya wageni, ya harusi, ya padri kuja kubariki nyumba, na zikisha kutandikwa, ole wake atakayekalia. Hiyo ya mama ilikuwa na tausi wawili wanaotazamana, nayo aliitarizi ukimbizini akiwa na mimba yangu.

"Mama, hii hapana," nilisema.

"Inakaa kwa sanduku inafanya nini? Inalala?"

Wanawake walitazamana. Nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa pili, lakini hakuna pia aliyetaka kuwa wa mwisho. Kesho yake zililetwa milaya saba, na mabawa yalihitaji nne tu. Ukazuka ugomvi mkali kuhusu milaya ya nani imeachwa na kwa nini, mpaka tukakubaliana kwamba zitapokezana kila wiki.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo nadhani lingefanywa na wanawake wa Juba peke yao. Milaya haitoki mbele za watu bila kupigwa wanga na pasi. Ni aibu. Basi wanawake wakazifua, wakazitia uji mwepesi wa muhogo, wa unga wa akiba walioukwangua kwenye vyungu huku watoto wakiwatazama, wakazipiga pasi ya mkaa mpaka zikakauka kama bati. Mimi, fundi, niliyepaswa kujua, nilizipiga pasi pamoja nao. Nilitaka kinu cha baba kitoke kimependeza.

Na kilipendeza. Upepo wa asubuhi ulitoka mtoni, mabawa yakastuka, yakasita, yakaanza kwenda, tausi juu, tausi chini. Nguzo ililalamika, pipa likazunguka, na mdomoni mwake maji yakaanza kumwagika, machafu, yamejaa viluwiluwi. Wanawake walipiga vigelegele. Mjomba aliinuka kwenye ndoo. Nilijisikia nina kichwa kikubwa kuliko bonde lote.

Askari watatu walikuja wakikimbia kabla ya adhuhuri, pamoja na ofisa wa kituo, mtu mrefu wa kaskazini mwenye mvi. Ng'ambo ya pili ya mto walikuwa waasi, na ofisa aliona kutoka kituoni rangi zikizunguka juu ya tuta. Aliniuliza kwa Kiarabu ninampa nani ishara.

"Vyura," nilimjibu. "Nawaambia wahame."

Mama alinifinya mkono mpaka nikauma meno. Ofisa hakucheka. Alisema kiteremshwe sasa hivi, na askari mmoja akashika bawa. Nilisimama mbele ya mfereji na patasi mkononi, nikamwambia ofisa kwamba kabla hajakivunja ashuke aone maji, ashuke tu, kisha afanye atakalo. Nilisema kwa sauti ambayo mtu mwenye akili hasemi na mwenye bunduki.

Alishuka. Alichuchumaa pembeni mwa pipa, akatia mkono chini ya maji yaliyokuwa yakimwagika, akauacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akauliza nani alikijenga kinu, na nilipomwambia ni baba yangu akaniambia kwamba kwao, mbali sana kaskazini, babu yake alikuwa na gurudumu la kuvutwa na ng'ombe lililopandisha maji ya mto huuhuu.

"Sisi tunayaomba maji yaingie shambani," alisema. "Ninyi mnayafukuza."

Aliamuru kinu kizunguke mchana tu, na kituo kipate mboga kila Ijumaa. Akapanda tuta akaenda, suruali yake imelowa mpaka magotini. Sikumpenda, lakini nilimpelekea mboga kila Ijumaa, na nilimchagulia zile changa.

Siku ya nne ikanyesha. Haikuwa mvua kubwa hata, lakini ilitosha. Wanga ukayeyuka, ukachuruzika kwenye mianzi kama makamasi, milaya zikalegea zikaning'inia. Kesho yake jua lilipotoka zilinuka uji uliochacha. Nzi walijaa. Mbuzi walishuka kutoka Kator yote wakalamba mabawa, na mmoja alikuwa amekwisha kula shingo ya tausi wa mama tulipofika na fimbo. Maji ya bondeni, yaliyokuwa yameshuka kiganja kizima, yalirudi yote.

Nilikuwa nimebakiwa na siku kumi na moja. Nilikaa pale nikitazama mbuzi yule akitafuna, na hasira zangu zote zikapanda. Mjomba, kutoka kwenye ndoo yake, akakumbuka wakati huo, si kabla, kwamba turubai za bruda zilikuwa zikipakwa nta na mafuta ili zisinywe maji wala kupitisha upepo.

"Mafuta gani?" nilimfokea.

"Lulu inaweza. Lulu na nta ya nyuki."

Lulu ni mafuta ya mti unaoota porini, na tangu barabara zifungwe hayakuonekana sokoni. Nilikuwa nimekwisha kwenda Hai Jalaba, mtaa wa wafanyabiashara, kuulizia mafuta ya aina yoyote ya kulainishia nguzo, wachuuzi wakanicheka. Niliwageukia wanawake, mama akiwa miongoni mwao, nikawafokea kama watoto wa shule. Kazi yote imekwenda bure, nilisema. Bila lulu tukalale. Nani ataniletea lulu? Haya, nani? Walinitazama, wakashika majembe yao, wakaondoka mmojammoja.

Kesho yake mama aliniambia anakwenda Munuki kumuuguza mke wa mjomba. Alikaa huko siku mbili. Nilizitumia siku hizo kushona milaya zilizoraruka, na sikumuuliza mjomba hali ya mkewe kwa sababu nilikuwa bado sisemi naye. Siku ya tatu mama alirudi na kibuyu cha lulu na donge la nta lililofungwa kwenye majani. Alisema amepewa na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amevificha tangu barabara haijafungwa. Nilirukaruka kama mwendawazimu. Nilimbusu kiganjani. Sikumuuliza jina la huyo mama.

Tuliyeyusha nta na lulu kwenye sufuria moja, tukapaka milaya pande zote mbili kwa vitambaa, rangi zikakolea, maua yakawa meusimeusi. Wanawake waliguna kuona kazi ya miaka yao inapakwa mafuta kama ngozi ya mtoto, lakini hakuna aliyekataa. Mara hii hatukupiga pasi. Na hatukuzipokeza tena, nne hizo zilikaa, na wenye milaya nyingine wakanuna.

Ikanyesha tena, maji yakateleza juu ya mabawa yakaanguka. Kinu kikaendelea. Asubuhi na jioni nilikuwa napima kwa fimbo niliyoisimika katikati ya bonde. Upepo ulipogeuka tuliinua mkia wa nguzo, wanawake sita, tukauzungusha mpaka mabawa yaukute upepo. Upepo ulipokufa tulikaa tukaungoja, na mimi nilitukana mawingu waziwazi mpaka mama akanikataza. Siku ya saba kati ya zile kumi na moja, fimbo ilionyesha udongo. Siku ya tisa tulitembea bondeni bila kuzama. Ardhi ilikuwa nyeusi, inanata, imejaa konokono wadogo, na ilinuka vizuri. Mwezi wa mama ulikuwa haujaisha.

Tulipanda siku ya kumi. Tulijipanga mstari, kila mmoja na jembe lake. Upande wangu wa kushoto alikuwa mama, na wa kulia mwanamke mmoja wa Kator, mwenzake wa siku nyingi, aliyekuwa anachechemea. Nilimuuliza amepata nini.

"Miiba," alisema. "Ya ile safari ya mafuta."

"Safari gani?"

Alimtazama mama, akajua amekosea, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. "Ile ya lulu. Tulikwenda watu watatu, nje ya mji, mpaka kijiji kile cha barabara ya Yei. Mama yako ilikuwa mbele. Sisi tulikuwa nakanyaga pale yeye ametoa mguu."

Jembe lilinitoka mikononi. Kwetu binti hamfokei mama yake mbele za watu, nami nilimfokea mbele ya wanawake kumi na saba, nikiwa nimesimama kwenye mstari wa mahindi. Nilimwita mwongo. Nilimwambia kwamba kila msumari niliopiga mwezi ule niliupiga ili asitoke, kila kibao, mianzi yote, na yeye akatoka, tena akatangulia mbele. Nilimuuliza angekanyaga bomu ningefanya nini na bonde kavu.

Mama aliendelea kuchimbua mashimo, anatia mbegu, anafukia kwa mguu. Alipofika kwenye mbegu ya mwisho ya kiganjani akainua uso.

"Wewe uliuliza nani naleta," alisema. "Uliuliza mara mbili. Mimi nilikuwa hapo, nasikia."

Nilikaa kwenye tope, nikalia kwa sauti. Nililia kwa hasira, nikalia kwa woga, ingawa hatari ilikuwa imekwisha kupita wiki nzima bila mimi kujua. Ni kweli niliuliza. Niliuliza nikimtazama yeye. Wanawake waliinamia kazi zao wakajifanya hawaoni, na kinu kiliendelea kuzunguka nyuma yetu.

Mama alingoja mpaka nikamaliza. Akachota mbegu nyingine kwenye kibuyu, akanishika mkono, akanifungua vidole na kunimiminia.

"Kalas, imeisha. Sasa mimi haitoki tena," alisema. "Panda."

Nilipanda mstari wangu wote mpaka mwisho, nikiwa bado nimemkasirikia.